Samaki wa Ziwa katika Migahawa ya Nyanda za Juu: Historia ya Mlo wa Kasulu na Kibondo

Wilaya za Kasulu na Kibondo, zilizoko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hazina ufuko wa ziwa wala wa bahari, na hata hivyo ni vigumu kukuta mgahawa wa kijijini katika wilaya hizo usiopika samaki. Dagaa walioungwa kwa mawese, mgebuka mkavu aliyetokoswa na nyanya na vitunguu, kambale wa moshi kutoka mabwawa ya Malagarasi, vyote hivyo huliwa pamoja na ugali wa muhogo au wa mahindi katika vibanda vya pembeni mwa barabara, vituo vya mabasi na magulio, na wenyeji huviona kuwa vyakula vya kawaida kabisa. Ukawaida huo una historia. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya vilima vya Buha, yaani nchi ya Waha, iko juu ya mita 1,200. Mji wa Kasulu uko karibu kilomita 90 kutoka Kigoma, na Kibondo iko zaidi ya kilomita 200, umbali ambao kwa mpagazi mwenye mzigo kichwani ulikuwa safari ya siku nyingi. Samaki aliyeliwa juu huko ilimpasa kwanza awe ameanikwa au kubanikwa, kisha abebwe na mtu mwenye sababu ya kupanda mlima, na mwishowe amkute mlaji ambaye kwa sababu fulani alikuwa hali nyumbani kwake. Ni katika sharti hili la tatu, la mtu kula mbali na nyumbani, ndipo historia ya migahawa ya Kasulu na Kibondo inapoeleweka vizuri zaidi, kwa kuwa waliojenga desturi ya kula samaki hadharani katika nyanda hizo walikuwa kwa kiasi kikubwa watu wa safarini: wachuuzi, manamba, wanavijiji waliohamishwa, wakimbizi na madereva wa malori.

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa dola moja. Ilikuwa na falme kadhaa, zikiwemo Heru katika eneo la Kasulu ya sasa, Muhambwe katika Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko, kila mmoja ukiwa na mwami, yaani mfalme, na chini yake watwale waliosimamia ardhi na watu. Chakula cha nchi kilitoka shambani na zizini: mtama, ulezi, maharage, ndizi, na baadaye mahindi na mihogo, pamoja na maziwa kwa wale waliokuwa na ng'ombe. Samaki hawakukosekana kabisa, maana mito inayotelemka kutoka vilimani hadi Malagarasi ilikuwa na kambale na perege walionaswa kwa migono, ambayo ni mitego iliyosukwa kwa fito, na kwa mabwawa madogo yaliyozibwa wakati maji yanapopungua. Hata hivyo, uvuvi huu wa mitoni ulikuwa wa msimu na wa jirani. Ulitosha kuongeza kitoweo katika kaya chache zilizoishi karibu na maji, wala haukuweza kulisha nchi nzima ya vilima.

Kulikuwa pia na kizuizi ambacho hakikuhusiana na umbali. Katika falme za Maziwa Makuu, na hasa katika zile ambazo habari zake zimeandikwa kwa kirefu, yaani Rwanda, Burundi na Nkore, watu wa tabaka la wafugaji na watawala walijiepusha na samaki, kwa kuwa waliamini kuwa chakula hicho hakipatani na maziwa na kinaweza kuwadhuru ng'ombe wao. Na katika falme hizo hizo heshima ilidai mtu mkubwa asionekane akitafuna mbele za watu. Buha ilishiriki mengi ya utamaduni huo wa kifalme na kifugaji, na kwa hiyo mgahawa, ambao ni mahali pa kula mbele ya wageni, kwa fedha, chakula kilichopikwa na mtu asiye ndugu, ulikuwa kinyume cha mambo mawili kwa mpigo: desturi ya kula faraghani, na desturi ya ukarimu iliyomtaka mwenyeji amlishe mgeni bila malipo. Anayetaka kuelewa jinsi samaki walivyoshinda vilimani hana budi kukumbuka kwamba walishinda pamoja na mgahawa wenyewe, na kwamba ushindi huo ulichukua karibu karne nzima.

Njia ya samaki kupanda mlima ilianzia Ujiji. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika hapo mwezi Februari 1858 walikuta soko ambalo Burton alilieleza kwa kirefu, likiwa na samaki wa aina nyingi wakiwemo dagaa, na mawese ya kupikia. Na Henry Morton Stanley, ambaye alionana na David Livingstone mjini humo mwaka 1871 na kurudi tena mwaka 1876, aliona jinsi watu wa nchi za jirani walivyokutana hapo kila mmoja na bidhaa ya kwao: nafaka na mifugo kutoka Uha, chumvi kutoka Uvinza, mawese na samaki kutoka ufukoni. Shanga zilizoitwa sofi zilitumika kama fedha ndogo ya soko hilo. Katika maandishi ya wasafiri hao Waha huonekana kwanza kama watoza hongo, yaani ushuru wa njia, na Stanley mwenyewe alikasirishwa sana na kiasi cha nguo alichodaiwa mwaka 1871, hata akaamua kuivuka sehemu iliyobaki ya nchi yao kwa kujificha usiku. Kutokana na hasira hiyo, Buha imebaki katika vitabu vingi kama kikwazo cha misafara, wakati ambapo soko la Ujiji lisingeweza kula bila mtama na mbuzi waliotelemshwa kutoka huko. Mwenye kutelemsha mbuzi hakurudi mikono mitupu, na miongoni mwa vitu vyepesi vilivyofaa kurudi navyo ni dagaa wakavu na chumvi.

Chumvi hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza ziko karibu na mahali ambapo Mto Ruchugi, unaotokea upande wa Kasulu, unakutana na Malagarasi, na utafiti wa wanahistoria J. E. G. Sutton na A. D. Roberts, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kuwa watu walichemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Maji ya chemchemi yalichemshwa katika vyungu mpaka yakakauka, na chumvi iliyobaki ikafungwa katika mizigo iliyosafirishwa mbali, kaskazini mpaka Burundi na mashariki mpaka Unyamwezi. Wachuuzi wa chumvi waliopita Buha walizifungua njia ambazo baadaye zilipitishwa samaki, na kwa mpishi wa vilimani bidhaa hizo mbili zilikuwa ndugu, kwani kipande cha samaki wa moshi kilichotiwa katika chungu cha maharage kiliongeza ladha na chumvi kwa wakati mmoja. Matumizi hayo ya samaki kama kiungo, kidogo katika chakula kingi, ni ya zamani kuliko yale ya samaki kama mlo kamili, na bado yanaonekana katika majiko ya kijijini ambako dagaa wachache hutupwa ndani ya kisamvu.

Samaki wenyewe hawakuwa wa namna moja, na tofauti zao ndizo zilizoamua nani afike wapi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wadogo wa aina mbili, ambao wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wanaishi katika maji ya wazi ya ziwa hili lenye kina cha mita zipatazo 1,470, na usiku hupanda juu kufuata mwanga. Mgebuka, anayeitwa kitaalamu Lates stappersii, huwafuata dagaa hao ili awale, na kwa hiyo mara nyingi hunaswa pamoja nao; ndugu zake wakubwa, sangala na nonzi, wana nyama nyingi na bei ya juu. Yupo pia kuhe, samaki mkubwa kuliko wote duniani katika jamaa moja na perege na sato, ambaye nyama yake nyeupe husifiwa sana Kigoma mjini. Kuhe na sangala, kwa kuwa huliwa vizuri zaidi wakiwa wabichi, walibaki kwa muda mrefu kuwa chakula cha ufukoni. Dagaa hukauka kwa siku moja au mbili za jua kali bila kuhitaji chumvi, wakawa wepesi, wasiovunda upesi, na wa kupimwa kwa kikombe au kopo. Mgebuka, aliye mwembamba na mwenye mafuta, hupasuliwa na kubanikwa juu ya chanja, yaani jukwaa la fito lililowekwa juu ya moto wa taratibu. Kwa hiyo vilima vya Kasulu na Kibondo vililijua ziwa kupitia dagaa na mgebuka, na hao wawili ndio wanaotawala masufuria ya huko mpaka leo.

Zamani dagaa walivuliwa kwa lusenga, wavu wenye umbo la kikombe kikubwa uliofungwa kwenye mpini mrefu, ambao mvuvi aliuzamisha kutoka mtumbwini chini ya mwanga wa moto wa kuni na kuuinua ukiwa umejaa. Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1950, wakati taa za karabai zilipochukua nafasi ya kuni na nyavu kubwa za kuinua, zinazotandazwa kati ya mitumbwi miwili, zilipoenea kutoka Burundi hadi pwani ya Kigoma. Mapato ya usiku mmoja yaliongezeka mno kiasi kwamba ufuko haungeweza kuyala yote, na dagaa wakaanza kutafuta masoko kwa wingi wa kibiashara. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliwapeleka mashariki hadi Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, ambako jina la dagaa wa Kigoma lingali likidai bei kuliko la dagaa wa maziwa mengine. Upande wa kaskazini hapakuwa na reli. Huko walikwenda kwa vichwa vya watu, kwa baiskeli, na kadiri barabara za udongo zilivyoruhusu, kwa malori, ambayo mvua za masika ziliweza kuyazuia njiani kwa siku kadhaa.

Utawala wa kikoloni haukuwa na nia ya kuwalisha Waha samaki, lakini hatua zake ziliandaa mazingira ya biashara ya chakula. Baada ya Wajerumani kushindwa na Wabelgiji kuishika nchi hii kutoka mwaka 1916, Waingereza waliichukua mwaka 1921 na hatimaye kufanya Kasulu na Kibondo kuwa makao ya wilaya, yenye boma, mahakama, maduka machache na makarani waliotoka sehemu nyingine. Ugonjwa wa malale ulioenezwa na mbung'o uliifanya serikali, hasa katika miaka ya 1930, iwahamishe watu wa maeneo ya misitu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, na wengi walipoteza kwa hatua hiyo mashamba na mito waliyokuwa wakiitegea migono. Jambo kubwa zaidi lilikuwa kazi za mkataba. Serikali haikuhimiza mazao ya biashara Buha kwa kiasi ilichofanya Bukoba au Kilimanjaro, na kwa kuwa kodi ililipwa kwa fedha, maelfu ya vijana walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakijulikana kama manamba. Shirika la wenye mashamba ya mkonge la kuajiri vibarua, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, lilitegemea sana wilaya hizi. Kijana aliyekaa miaka miwili kambini alikuwa amejifunza kula ugali wa kupimiwa, kununua chai na kitumbua kwa mwanamke asiyemjua, na kula samaki wa bahari waliokaushwa pamoja na watu wa makabila kumi. Aliporudi nyumbani, sababu za kizamani za kuona haya kula kibandani zilikuwa zimepungua nguvu, na ni halali kudhani kwamba wateja wa kwanza wa vijihoteli vya Kasulu na Kibondo walitoka miongoni mwa watu kama hao, wakiketi pamoja na makarani, askari na madereva.

Vijihoteli hivyo vya awali viliiga mtindo wa Kiswahili wa Ujiji, mji ambao Wamanyema na watu wa pwani walikuwa wameujengea mapishi yake ya samaki na mawese. Mawese yana umuhimu wa pekee hapa: mchikichi husitawi katika mabonde ya joto karibu na ziwa na hausitawi vizuri katika baridi ya vilimani, kwa hiyo dagaa na mafuta yao ya kupikia vilikuja kwa barabara moja, mara nyingi katika gari moja. Mpishi huwachambua dagaa kwa kuwatoa mchanga na vichwa, akawachovya katika maji ya moto kwa muda mfupi, kisha akakaanga vitunguu na nyanya katika mawese mpaka rangi yake nyekundu itulie, ndipo awatie dagaa na kuwaacha wachemke kwa moto mdogo. Kuna wanaoongeza karanga za kusaga. Ugali wake ni wa unga wa muhogo, au wa muhogo uliochanganywa na mahindi, na sahani hukamilishwa kwa kisamvu au maharage. Gharama yake ni ndogo, moto wake ni wa muda mfupi, na mabaki yake hayaharibiki upesi kama ya nyama. Sababu hizo tatu zinaeleza kuenea kwa mlo huu vizuri kuliko ladha peke yake, ingawa ladha yake pia ina watetezi wengi.

Uhuru wa mwaka 1961 haukubadilisha mara moja ramani ya vijiji, lakini mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliibadilisha kabisa. Katika utekelezaji wa siasa ya Ujamaa, familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja na mgomba wake, zilihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari kandokando ya barabara, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 sehemu kubwa ya watu wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakiishi hivyo. Uhamisho huo uliwaumiza wengi, na mashamba ya mbali yaliachwa. Lakini uliweka katika kila kijiji shule, zahanati, duka la ushirika na kituo cha basi, na hapo ndipo palipoota mgahawa wa kijijini katika umbo linalojulikana leo: kibanda cha miti na nyasi, baadaye cha mabati, mabenchi mawili, mafiga matatu na masufuria meusi. Mwenye kibanda alikuwa mwanamke. Jina la mama ntilie lilifika kutoka mijini, likafuatwa baadaye na lile la mama lishe, na katika miaka migumu ya mwanzo wa 1980, wakati sukari, sabuni na vitambaa vilipoadimika madukani na serikali ilipopitisha sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983 iliyowabana wafanyabiashara wadogo wa mijini, wanawake wa vijijini waliendelea kupika dagaa, kwa kuwa dagaa hawakutegemea duka la ushirika wala fedha za kigeni.

Hesabu ya biashara hiyo ilifuata mwezi wa angani. Usiku wa giza wavuvi huvua kwa taa na dagaa hujaa katika mialo, yaani fukwe za kupakulia samaki, kama Kibirizi na Katonga. Mwezi unapokuwa mpevu samaki hawaifuati taa, nyavu hupumzika, na kwa siku kadhaa bei hupanda. Mama lishe wa Kasulu aliye mbali kabisa na maji hununua gunia wakati wa giza na kulitumia kwa uangalifu wakati wa mbalamwezi, na anayeshindwa kuweka akiba hubadilisha kitoweo kuwa maharage. Jua la Septemba hukausha dagaa wakawa weupe na wakakamavu. Mvua ya Novemba huwalowanisha mchangani, wakanuka na kujaa mchanga. Kuenea kwa vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa juu ya ardhi, ambavyo maofisa wa uvuvi na miradi mbalimbali wamevihimiza katika miongo ya karibuni, kulipunguza mchanga katika sahani za vilimani, na ni badiliko ambalo mlaji wa Kibondo hulitambua kwa jino kabla ya kulisoma popote.

Hakuna jambo lililoibadilisha biashara ya chakula katika wilaya hizi kwa kasi kama kuja kwa wakimbizi. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993 na vita vilivyofuata, kisha vita vya mashariki ya Kongo kuanzia mwaka 1996, vilileta mamia ya maelfu ya watu katika kambi za Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, na Nduta, Kanembwa, Mkugwa, Karago na Mtendeli upande wa Kibondo kwa mipaka ya wakati huo. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, lakini machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yaliwarudisha wengi, Nduta ikafunguliwa upya, na Nyarugusu ikawa kwa muda miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani, yenye watu zaidi ya 100,000. Mgawo wa chakula ulikuwa unga wa mahindi, maharage au dengu, mafuta na chumvi, samaki hawakuwemo. Warundi waliozoea ndagala na mukeke, ambao ni dagaa na mgebuka wa upande wao wa ziwa, na Wakongo wa Fizi na Uvira waliolelewa ufukoni, hawakuacha kuvitamani vyakula hivyo kwa sababu tu walikuwa wamefika vilimani, na wengi walibadilisha sehemu ya unga wao ili wapate fungu la dagaa.

Hivyo malori ya dagaa, ambayo awali yaliishia Kasulu mjini, yalipata sababu ya kuendelea hadi Makere na Kibondo, na katika masoko ya pamoja yaliyowakutanisha wakimbizi na wenyeji ilizuka migahawa ambayo wapishi wake Wakongo walipika samaki kwa sombe na fufu, na Warundi wakapika ndagala kwa ndizi. Wenyeji walikula humo. Watumishi wa mashirika ya misaada, walinzi, madereva na vibarua wa ujenzi, wote wakiwa na mishahara na bila majiko, wakawa wateja wa kila siku. Ni kawaida kuzieleza kambi hizi kwa lugha ya mzigo, ya misitu iliyokatwa na usalama uliozorota, na mambo hayo yalikuwepo. Lakini maelezo yanayoishia hapo yanaacha nje ukweli kwamba mezani, katika vibanda vya Kasulu na Kibondo, wakimbizi waliingiza ujuzi wa watu wa ziwa ambao vilima havikuwa nao kwa kiwango hicho. Masoko ya pamoja yalipofungwa kwa amri ya serikali mwishoni mwa muongo wa 2010, migahawa mingi ya pembeni mwa kambi ilipoteza wateja wake kwa wiki chache, na ujuzi wenyewe ukabaki kwa wanawake waliokuwa wamekwisha kujifunza.

Kibondo, kwa upande wake, ina mlango wa pili ambao Kasulu haiutumii sana. Barabara ya kaskazini kupitia Kakonko hadi Nyakanazi inaiunganisha na nchi za Ziwa Victoria, na tangu sangara walipotapakaa katika ziwa hilo na viwanda vya kuwasindika kujengwa Mwanza, samaki wa huko, yaani sato wa kukaanga, sangara wa moshi na hata mapanki, ambayo ni mifupa na vichwa vilivyobaki viwandani, wamepata njia ya kushuka hadi Kibondo. Kwa hiyo katika mji huo mdogo mteja anaweza kuchagua kati ya maziwa mawili katika kibanda kimoja, na wapenzi wa dagaa wa Tanganyika hubishana kwa dhati na wapenzi wa sato. Kukamilika kwa lami kutoka Kidahwe hadi Kasulu, na ujenzi wa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu yenye kilomita zipatazo 260, kumefanya hata samaki wabichi wenye barafu waweze kufika nyanda za juu siku hiyo hiyo, na kuhe, ambaye mababu wa Heru hawakumjua mezani, sasa huonekana katika hoteli za Kasulu mjini.

Samaki wa Malagarasi wamepata nafasi ya namna nyingine. Mto huo huzunguka kwa upinde mkubwa kutoka mpakani mwa Burundi, ukapita katika mabwawa ya Muyovosi na kurudi magharibi hadi ziwani, na wataalamu wameona kuwa baadhi ya samaki wake wana ndugu katika Mto Kongo, jambo wanalolieleza kwa kusema kuwa Malagarasi ulimwaga maji yake katika Kongo kabla bonde la ufa la Ziwa Tanganyika halijafunguka. Mwaka 2000 eneo la Malagarasi na Muyovosi, lenye ukubwa wa zaidi ya hekta milioni 3, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, likiwa la kwanza nchini Tanzania. Kambale, kamongo na perege wa huko, pamoja na wale wa Ziwa Sagara, hubanikwa kambini kwa wavuvi na kufika magulioni wakiwa weusi na wamekunjwa mkia mdomoni. Huuzwa ghali kuliko dagaa, na mara nyingi hupikwa siku ya gulio, wakati wenye fedha wanapokuwepo. Baadhi ya kaya za mabondeni zimechimba pia mabwawa ya sato, lakini mapato yake bado hayajaweza kushindana na gunia la dagaa.

Gunia hilo limeanza kupungua. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature, ulionyesha kuwa kuongezeka kwa joto na kupungua kwa upepo kumezuia maji ya chini ya ziwa, yenye rutuba, yasichanganyike na yale ya juu, na ukakadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa karibu asilimia 30 katika samaki wenyewe. Uvuvi uliozidi kiasi umeongezea tatizo hilo, na nchi nne za ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zimekubaliana kulipumzisha ziwa. Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima na ilistahili kuungwa mkono, lakini majadiliano yaliyoitangulia yaliwahusu zaidi wavuvi, wenye mitumbwi na wachuuzi wa mialoni, kana kwamba ziwa linaishia pale mchanga unapoishia. Mama lishe wa Makere, wa Mabamba au wa Kifura hana mtumbwi wala leseni ya uvuvi, na bado kipato chake cha miezi hiyo mitatu kilitegemea uamuzi ule ule.

Kamati za kusimamia ziwa zina orodha za mialo na za vyombo vya uvuvi. Halmashauri za Kasulu na Kibondo, ambazo hutoza ushuru katika masoko na magulio na hivyo zinawajua wapishi wake kwa majina, ndizo zinazoweza kuongeza orodha iliyokosekana, ya wanawake wanaopika samaki mbali na maji, na kuifikisha katika meza ya maamuzi kabla ya tarehe ya kufunga ziwa mara nyingine kutangazwa.